Kunanyesha, Mvua Inanyesha, au Elinino Imekuja?

Ndugu msomaji, hebu chukua daftari lolote la insha katika shule hii, liwe la kidato cha kwanza au la watahiniwa, ufungue ukurasa wa kwanza. Nakuhakikishia utakuta jua. Litakuwa linachomoza kutoka mashariki (kana kwamba kuna siku liliwahi kutoka kwingine), upepo mwanana utakuwa unavuma, na ndege watakuwa wanaimba nyimbo tamutamu. Ukiendelea hadi mchana utakutana na jua la utosi, watu wanatokwa na jasho jekejeke, mbwa wamelala kivulini ndimi nje. Kisha inua macho uangalie dirishani. Jamani, hii ni Kericho! Asubuhi jua latoka, sikatai, lakini inapokaribia saa tisa alasiri mawingu meusi yamekwisha kupanda kutoka upande wa Ziwa Viktoria, ngurumo zinasikika kule Bureti, na mama zetu wanaharakisha kujaza vikapu kabla majani hayajalowa.

Mimi sikuja kuwacheka wanafunzi wenzangu. Nimekuja kutoa hoja moja, nayo ni hii: sisi wa nchi ya chai hatujajifunza kuzungumza juu ya hali ya hewa yetu kwa Kiswahili. Tunazungumza juu ya hali ya hewa ya watu wengine. Na jambo hili si la mapambo ya insha tu, lina hasara ndani yake, tena hasara ya pesa, kama nitakavyoeleza.

Katika maktaba yetu kuna kitabu kimoja kilichochakaa cha kujifundisha Kihispania. Aliyekileta hajulikani, na jalada lake limeng'oka, lakini kinasomeka. Somo la kwanza ni salamu. La pili ni kuhesabu. La tatu, kabla hata hujafundishwa kununua mkate, ni hali ya hewa. Niliposoma somo hilo nilishangaa sana. Mhispania akitaka kusema kwamba kuna baridi, husema "hace frío", yaani ukilifasiri neno kwa neno, "inafanya baridi". Nani anayefanya? Hatajwi. Akitaka kusema kwamba yeye mwenyewe anasikia baridi, husema "tengo frío", maana yake "nina baridi", kama mtu mwenye kalamu mfukoni. Mvua ikinyesha husema neno moja tu, "llueve", basi, yamekwisha. Tena neno lake la hali ya hewa, "tiempo", ndilo hilo hilo neno lake la wakati.

Sasa linganisha na lugha yetu. Katika Kiswahili kila kitu cha angani kina kazi yake na kitenzi chake. Mvua hunyesha. Jua huwaka. Upepo huvuma. Radi hupiga. Ukungu hutanda. Mvua ikikoma na mbingu ikawa nyeupe, tunasema imeanuka, na ule mwanga unaotokea baada ya mvua una jina lake zuri kabisa, kianga. Baridi nayo husikiwa au huonwa: nasikia baridi, naona baridi. Ni wangapi kati yetu waliowahi kuandika neno kianga? Hapa kwetu hutokea karibu kila jioni! Mvua imekatika, jua la magharibi limepiga juu ya chai iliyolowa, na milima yote imekuwa kijani cha kung'aa hadi macho yanauma. Hicho ndicho kianga. Sisi tunasema "mvua imeisha" halafu tunakwenda zetu mpirani.

Hapo nafika penye ugomvi. Walimu wetu, samahani. Kila mwanafunzi wa hapa, akiwa bwenini au njiani, husema "kunanyesha". Akiandika hivyo kwenye insha, kalamu nyekundu inapita. Sahihi, anaambiwa, ni "mvua inanyesha". Nakubali kwamba kwenye karatasi ya mtihani tuandike "mvua inanyesha", kwa maana hatutaki kutoa alama bure. Lakini kusema kwamba "kunanyesha" ni uvivu wa watu wa bara, hapo sikubaliani. Waswahili wenyewe husema kumekucha, kumepambazuka, kumetulia. Hiyo "ku" ni mahali pote palipotuzunguka. Na Kipsigis nacho kina njia inayofanana na hiyo: mtu akitoka nje asubuhi husema "kaitit emet", ambapo "emet" ni nchi, yaani nchi ni baridi. Kwa hiyo mtoto wa hapa anaposema "kunanyesha", anaiona nchi nzima ikinyesha, kutoka kilima hiki hadi kile. Ameingia katika Kiswahili kwa mlango ambao Kiswahili chenyewe kiliuacha wazi. Mhispania anaruhusiwa kusema "inafanya baridi" na hakuna anayemchora kwa kalamu nyekundu!

Lakini hilo ni dogo. Kubwa ni majira.

Tangu shule ya msingi tumekariri: masika ni mvua za Machi hadi Mei, kipupwe ni baridi ya katikati ya mwaka, vuli ni mvua za Oktoba hadi Disemba, kiangazi ni jua kali. Maneno mazuri, tena ya kale. Yalitungwa na watu waliokaa ufuoni mwa bahari wakiangalia pepo mbili: kaskazi, ambayo huvuma kutoka kaskazini-mashariki kuanzia karibu na Disemba hadi Machi, na kusi, ambayo huvuma kutoka upande wa kusini-mashariki kuanzia Aprili hadi karibu Septemba. Majahazi yalikuja na pepo hizo na kurudi nazo. Hata pande za dunia tunazozitaja kila siku darasani zimetokana nazo: kaskazini ni kule itokako kaskazi, kusini ni kule itokako kusi. Kwa hiyo mwanafunzi wa Litein akisema "Bomet iko kusini mwa Kericho," anataja upepo wa Mombasa na Lamu bila kujua. Mimi hupenda sana jambo hilo.

Shida ni kwamba mwaka wetu haukukatwa kwa kisu kile. Hapa kwenye chai, mvua kubwa huanza Machi na kufikia kilele chake Aprili na Mei, sawa na masika. Lakini baada ya hapo haikatiki. Juni, Julai na Agosti, wakati mtu wa Pwani anafurahia kipupwe chake kikavu, sisi tunanyeshewa bado, kwa sababu mvua hiyo inatoka upande wa magharibi na ziwani. Oktoba hadi Disemba inakuja tena kidogo. Miezi mikavu hasa ni Januari na Februari, na hata hiyo si mikavu kama ya Kajiado. Kwa mwaka mzima, katika kituo cha utafiti wa chai cha Timbilil, mvua hufika karibu milimita 2,000 au zaidi. Ndiyo maana wazungu walipotafuta mahali pa chai miaka ya 1920 walisimama hapa. Chai haitaki mvua nyingi ya mara moja, inataka mvua isiyokaa mbali.

Je, mvua zetu za Julai zinaitwaje kwa Kiswahili? Uliza mtu yeyote. Atakwambia "ni mvua tu". Redio ikitangaza utabiri, husema "Nyanda za Juu Magharibi mwa Bonde la Ufa", halafu "mvua za hapa na pale". Msimu mzima unaotulisha hauna jina!

Nilisema kuna hasara. Jirani yetu mmoja upande wa Bomet ana vishamba viwili vya chai. Mwaka mmoja, mwishoni mwa Septemba, alisikia kwenye redio kwamba mvua za vuli zingechelewa na zingekuwa haba. Yeye anajua Kiswahili cha sokoni vizuri sana, anaweza kukuuzia ndama na ukadhani umepewa zawadi. Lakini neno "vuli" hakulijua. Alidhani mtangazaji amesema kivuli, akafikiri kwamba kutakuwa na mawingu mengi yenye kuziba jua, na mawingu, kama tujuavyo, ni dalili ya mvua. Akachukua mbolea, ile ya mkopo ambayo hukatwa kwenye malipo ya majani, akaimwaga wiki ya kwanza ya Oktoba. Mvua haikuja. Mbolea ikakaa juu ya udongo mkavu chini ya jua zaidi ya wiki tatu. Mvua ilipokuja ilikuwa gharika ya siku moja, ikaisomba iliyobaki hadi mtoni. Mkopo ulikatwa kama kawaida. Mtangazaji hakusema uongo hata kidogo. Utabiri ulikuwa sahihi, Kiswahili chake kilikuwa sanifu, na mbolea ikaenda na maji.

Kuna watakaosema: basi tumtangazie kwa Kipsigis. Naam, na vituo vya redio vya lugha yetu vinafanya kazi nzuri. Lakini kwenye mashamba makubwa ya chai kuna Wakisii, Waluo, Waluhya, watu wa kila pembe, na msimamizi anapotaka kuwaambia watu wakimbie radi hasemi Kipsigis wala Kiingereza. Husema Kiswahili. Kiswahili ndicho mwavuli ambao sote tunaingia chini yake. Ni lazima basi kiwe mwavuli wa mvua ya hapa.

Sasa nije kwenye Elinino, maana kuna wanaosema kwamba Mkenya hawezi kujifunza neno geni la hali ya hewa. Uongo mtupu. Kihispania cha hali ya hewa tumekwisha kujifunza, tena nchi nzima, bila kitabu! Kuanzia Oktoba 1997 hadi mapema 1998 mvua ilinyesha Kenya hadi madaraja yakachukuliwa na barabara zikakatika, na kila mtu, hata nyanya ambaye hajawahi kuvuka mto Kipsonoi, akajua neno moja: El Niño. Kwa Kihispania maana yake ni "mtoto mvulana". Wavuvi wa Peru ndio waliolianzisha. Waliona kwamba miaka mingine, karibu na Krismasi, maji ya bahari yao hupata joto na samaki hupotea, nao wakamtaja Mtoto Yesu. Wataalamu wakalichukua neno la wavuvi wakalifanya la sayansi. Lile la kinyume, maji yakipoa, wakaliita La Niña, yaani msichana.

Tazama lakini tulivyolitumia. Sisi tumelifanya Elinino kuwa mgeni. "Elinino inakuja." "Elinino imekataa kuja." "Elinino imefika Narok." Mwaka 2019, mvua za Oktoba hadi Disemba zilipozidi, watu wakasema Elinino imerudi, kumbe Pasifiki haikuwa na habari. Mwaka ule ilikuwa ni Bahari ya Hindi yenyewe: upande wetu wa magharibi ulipata joto na upande wa Indonesia ukapoa, mawingu yakajaa huku. Mwaka 2023 Elinino ilikuwapo kweli, na Bahari ya Hindi pia iliiunga mkono, na mafuriko tukayaona. Kabla ya hapo, kuanzia mwisho wa 2020, mvua zilikosekana misimu mitano mfululizo katika sehemu kame za Kenya, na yule msichana, La Niña, alihusika. Lakini nani kijijini anamjua msichana? Tulijifunza jina la kaka tu.

Na hapa naomba walimu wanisikilize vizuri. Mvuvi wa Peru aliipa bahari yake jina, dunia nzima ikalipokea. Bahari ya Hindi, ambayo Waswahili wamekaa ubavuni mwake zaidi ya miaka elfu moja, ina mtindo wake wa kupata joto upande huu na kupoa upande ule, mtindo unaoamua kama bibi wa Bomet atavuna au hatavuna, na mtindo huo hauna jina la Kiswahili ambalo watu wanalitumia. Wataalamu huutaja kwa herufi tatu za Kiingereza. Kwani sisi tulikuwa wapi? Kwa nini lugha yenye kaskazi, kusi, matlai na demani inyamaze bahari yake yenyewe inapobadilika?

Sitaki mtu afikiri kwamba nangoja watu wa Pwani watufanyie kila kitu. Kuna mambo ya hali ya hewa ambayo sisi ndio wenye ujuzi nayo, na Kiswahili kinapaswa kuja kujifunza kwetu. La kwanza ni mvua ya mawe. Wenye elimu ya hali ya hewa huitaja Kericho na Nandi Hills miongoni mwa sehemu zinazopigwa na mvua ya mawe mara nyingi zaidi duniani. Upepo unyevu wa ziwani hupanda milima hii, hukutana na ule wa mashariki, na wingu huinuka juu sana hadi matone yakaganda. Mawe yakianguka, yale majani mawili na chipukizi unayoyategemea hupasuliwa vipande, na kichaka hukaa wiki kadhaa bila kitu cha kuchumwa. Miaka ya 1960 wenye mashamba makubwa walifikia hatua ya kurusha roketi zenye baruti mawinguni ili kuyavunja mawe yangali juu, na baadaye ndege zilitumwa kunyunyiza kemikali. Tena mwaka 1982 watafiti walichapisha jambo la ajabu: kwamba vumbi la majani ya chai yaliyooza, linaloinuliwa na miguu ya wachumaji na kupeperushwa juu, lina chembechembe zinazosaidia maji kuganda mawinguni. Yaani huenda chai yenyewe inasaidia kuyatengeneza mawe yanayoipiga! Mtu akiandika insha juu ya hilo nitaisoma mara mbili, hata asipotaja jua la utosi.

Kwa utajiri wote huo, Kiswahili chetu kina "mvua ya mawe" peke yake. Mawe madogo kama mtama, makubwa kama mayai ya njiwa, yale laini yanayoyeyuka yakigusa mkono, yote ni mawe. Mchumaji chai anayatofautisha kwa kusikia yanavyolia juu ya bati.

La pili ni baridi inayochoma. Usiku wa Januari ukiwa hauna wingu hata moja na upepo umelala, baridi hushuka mabondeni na umande hugandia juu ya majani. Jua likitoka, chai inakuwa kahawia kana kwamba imepitiwa na moto. Januari 2012 ilitupata hivyo, Kericho, Bomet na Nandi, na magunia ya majani yakapungua viwandani. Watu wa hapa husema "chai imechomwa na baridi", na mtu wa Pwani akisikia hivyo atadhani tumechanganyikiwa. Kamusi ina neno jalidi, ina na sakitu. Yote mawili ni umande ulioganda. Sijamsikia hata mtu mmoja akiyatumia kituoni tunakopima majani, na mimi naona ni aibu, kwa kuwa hapo ndipo yanapohitajika kuliko Zanzibar ambako hakuna jalidi hata ya dawa. Mimi ningechukua jalidi, kwa sababu sakitu ukiitamka haraka inasikika kama jina la sabuni.

Tusisahau pia kwamba tumevaa hali ya hewa majinani mwetu. Kiprop na Cherop walizaliwa mvua ikinyesha. Kipkemei na Chepkemei walizaliwa wakati wa ukavu. Darasa letu moja lina akina Kiprop wanne, ushahidi tosha wa nchi yenyewe ilivyo. Watoto wa namna hiyo wakiandika insha ya jua tupu, wanajikana.

Kwa hiyo napendekeza jambo moja, nalo halina gharama. Nyuma ya maabara kuna kile kisanduku cheupe chenye miguu minne, na kando yake kipimamvua. Wanafunzi wa Jiografia huandika vipimo humo kila asubuhi saa tatu, kwa Kiingereza, katika daftari ambalo hakuna mtu mwingine anayelisoma. Chama cha Kiswahili kichukue vipimo hivyo hivyo na kuviandika ubaoni, pale nje ya ukumbi wa kulia, kwa Kiswahili, kabla ya chai ya saa nne. Si tarakimu tu. "Jana alasiri mawe madogo, dakika kumi. Kianga saa kumi na moja. Usiku jalidi bondeni." Anayejua neno la Kipsigis lisilo na mwenzake katika kamusi aliandike chini, na tubishane hadi tupate. Ile mvua ya Julai isiyo na jina iwe ya kwanza.

Nimekwisha kuzungumza na mkuu wa somo la Jiografia, naye hana kinyongo. Ubao upo, chaki zipo. Kilichobaki ni kupata mtu wa kuandika siku za Jumapili, na mtu wa kushika mwavuli anapoandika.